Tumpe mtengeneza programu sera ya mikopo, au kazi kama inavyofanyika?

Mhazini
Ndugu wanajukwaa, mimi ni mhazini wa SACCOS ya walimu. Bodi imeamua tununue programu ya maombi ya mikopo, kwa sababu mkopo unaopaswa kutoka ndani ya siku saba huchukua hata mwezi. Mtengeneza programu alituomba utaratibu wetu, nasi tukampa sera: mwanachama anajaza fomu, wadhamini wawili wanasaini, mwajiri anathibitisha, kamati ya mikopo inapitisha, fedha zinatoka. Juzi karani wetu aliutazama mchoro uliotokana na sera hiyo, akacheka, akasema sivyo tunavyofanya. Je, tufuate sera au tumfuate karani?

Mchambuzi wa Mifumo
Ndugu Mhazini, kicheko hicho msikipuuze. Chukueni majalada kama ishirini ya mikopo iliyokwisha kushughulikiwa, yakiwemo yaliyokataliwa, mwandike kila jalada lilifika lini na kuondoka lini kwenye kila meza. Sitashangaa mkikuta kazi yenyewe ni ya saa chache, na siku nyingine zote jalada lilikuwa limelala. Kama kamati hukutana mara moja kwa mwezi, programu italifikisha ombi kwa dakika moja, kisha litangoja wiki tatu ndani ya kompyuta badala ya kabatini. Karani naye msimwulize "huwa mnafanyaje", maana atawasomea sera. Mwulizeni fomu ya jana aliifanyaje, akiwa mezani kwake na meneja asiwepo.

Karani Mstaafu
Naongeza habari ya mambo yasiyo ya kawaida, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyotuumiza. Programu tuliyowekewa ilikataa fomu isiyo na wadhamini wote wawili siku ileile, ilhali mdhamini mara nyingi yuko shule ya mbali. Tukazoea kuingiza jina la mwenzetu wa ofisini ili fomu ipite, tukikusudia kulibadilisha baadaye. Mkopo mmoja ulipoacha kulipwa, mfumo ulimtaja mwenzetu huyo kuwa mdhamini, naye hakuwa na habari. Aliokolewa na kaunta buku tuliyokuwa tukiandika pembeni. Mkiona ofisini kwenu kuna daftari la namna hiyo, lisomeni kabla ya sera.

Msomaji wa Pembeni
Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Ford ilikuwa na watu zaidi ya 500 katika idara ya kulipa wauzaji huko Amerika Kaskazini, ikatarajia kupunguza asilimia 20 kwa kutumia kompyuta. Ilipoitazama Mazda, kampuni ya magari ya Japani, ikakuta kazi hiyo ina watu 5. Hata ukizingatia udogo wa Mazda, tofauti ilikuwa kubwa mno. Muda mwingi wa Ford ulikuwa ukiishia kusuluhisha oda, hati ya kupokea mzigo na ankara zisizolingana. Ikaondoa ankara: mzigo ukipokelewa na kulingana na oda, malipo yanatoka. Watu walipungua kwa asilimia 75, kama Michael Hammer, mwandishi wa Marekani wa mambo ya usimamizi, alivyosimulia mwaka 1990. Kwa hiyo, Ndugu Mhazini, ulizeni pia kila saini inazuia nini. Kama mnadai hati ya mshahara na uthibitisho wa mwajiri, na vyote vinasema jambo moja, kimoja kina kazi gani?

Mhazini
Nawashukuru nyote. Saini ya mwajiri ni ya kukubali makato, hivyo hatuwezi kuifuta, ingawa sioni kwa nini ianze kutafutwa baada ya wadhamini na si wakati mmoja nao. Jana jioni nilifungua majalada tisa. Sita yalikaa zaidi ya siku kumi yakingoja saini hiyo, na mawili hayana tarehe yoyote. Mtengeneza programu nimemwomba asubiri, na karani ameniambia kaunta buku ipo, tena ni ya tatu.