Mjadala: SMS za kulipia zifungwe kwenye kila laini mpaka mwenyewe aombe?

Hoja iliyoletwa: laini ikishasajiliwa tu, mlango wa SMS za kulipia uko wazi. Nambari fupi za tarakimu nne au tano huuza mawaidha, matokeo ya mpira, vichekesho na bahati nasibu, na salio hukatwa. Wako wanaotaka utaratibu ugeuzwe, laini itoke dukani imefungwa, afungue mwenye haja. Wako wanaosema hilo litaua huduma zenye faida. Hapa Kenya, Amu (Lamu) na visiwani kote, watu wanalalamika, kwa hivyo wenye kuijua kazi hii waseme. Matusi hatuyataki.

Fundi Simu, Langoni

Naunga mkono zifungwe. Lakini tuelewane kwanza, maana watu huchanganya mambo matatu. Kuna matangazo, ambayo yanaudhi lakini hayakati kitu. Kwa walio Safaricom mengi huishia na *456*9*5#, na ukiipiga unafunga matangazo, basi. Usidhani umefunga na za kulipia. Kuna SMS unayotuma mwenyewe kwenye nambari fupi, kama kupiga kura au kucheza mchezo wa redio, ambayo hukatwa mara moja unapotuma. Halafu kuna uanachama, na hapa ndipo penye donda. Unakatwa kwa kupokea. Ujumbe ukiingia umeshalipia, uusome usiusome.

Mtambo wa kukata ukikuta salio halitoshi, haukati tamaa. Hujaribu tena baadaye. Ndiyo mtu akakwangua kadi ya 20, akageuka kidogo, akapiga *144# na kukuta 10. Anamlaumu muuza kadi. Okoa Jahazi, ule mkopo wa salio wa Safaricom, ndiyo kabisa: ukikopa 50 unapewa 45, kwa sababu asilimia 10 imeshatolewa. Uanachama wa shilingi 10 ukipita hapo unabaki na 35, na deni ni 50 vilevile. Shilingi 10 kila siku ni 3,650 kwa mwaka, na aliyekatwa hakumbuki hata ni huduma gani.

Kujitoa: angalia ujumbe umetoka wapi. Ukiwa umetoka kwenye nambari fupi, jibu STOP peke yake kwa nambari hiyohiyo. Ukija kwa jina la herufi badala ya nambari, jibu lako halifiki popote. Tafuta ndani ya ujumbe, aghalabu mwishoni, nambari fupi iliyotajwa. Nambari moja hubeba huduma chungu nzima, kwa hivyo kama ujumbe umetaja neno la huduma, litie baada ya STOP, mfano STOP MPIRA. STOP nyingi hushindikana kwa mambo madogo: sahihi inayojibandika mwisho wa kila SMS (izime kwenye mipangilio ya ujumbe), simu kujirekebishia maneno na kuongeza neno usilolitaka, au salio kuwa sufuri wakati nambari hiyo inatoza hata STOP.

Ngoja jibu la kuthibitisha na ulipige picha ya skrini. Lisipokuja kufikia kesho yake, piga huduma kwa wateja (Safaricom ni 100) uombe mambo mawili kwa mkupuo: huduma ile itolewe, na laini izuiwe SMS zote za kulipia. La pili wengi hawaliombi, na wiki mbili baadaye wanarudi na huduma nyingine. Dai nambari ya lalamiko, uiandike.

Ikiwa SMS imetoka kwenye nambari ya kawaida ya 07 au 01, usijibu STOP wala chochote. Huyo hana huduma ya kukutoa. Anataka kujua tu kama laini iko hai.

Muuza Maudhui, Shela

Bwana Fundi, kuhusu mtambo sikupingi. Dawa unayoitaka ndiyo siikubali. Mlango uliofungwa tangu dukani hakuna anayeufungua. Mvuvi wa Kizingitini mwenye kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, kusi limechacha na intaneti inashika kwa shida, SMS ya hali ya bahari au bei ya kamba inamfaa kuliko programu yoyote. Huyo hatapiga simu kuomba afunguliwe kitu asichokijua. Na waimbaji wetu wa kasida, wanaopata chochote kwa watu kuweka nyimbo zao kwenye Skiza, ule muziki anaousikia anayekupigia, nao mtawafungia?

Wengine wamelitatua bila kufunga. India mwaka 2013 msimamizi wa mawasiliano aliagiza uthibitisho wa mara mbili: mteja akikubali mara ya kwanza, anaulizwa tena, na bila jibu la pili hakatwi. Tufanye hivyo. Tena tuwe wakweli: wengi wanaosema "sikujiunga" walijiunga wenyewe, wakasahau.

Fundi Simu, Langoni

Skiza ina menyu yake, *811#, mtu anaingia na kutoka mwenyewe. Hakuna aliyeitaja. Usiwafiche wauza bahati nasibu nyuma ya kasida.

Mchunguzi wa Programu, Gardeni

Hilo la "walijiunga wakasahau" ni nusu ya kweli. Mtu akiperuzi kwa data ya simu, mtandao unaweza kuuambia ukurasa wa tangazo nambari yake ni ipi, bila yeye kuandika chochote. Kwa hivyo kitufe kimoja cha "Endelea", tena kilichofichwa juu ya alama ya kucheza video au ndani ya mchezo wa mtoto, kinatosha kumsajili. Kwa Wi-Fi ukurasa haujui nambari. Itabidi uiulize, kisha utume tarakimu za siri. Ukitaka kumpa mtoto simu, zima data au mpe ya Wi-Fi. Hapo umeziba tundu kubwa kuliko yote, na halikugharimu kitu.

Uthibitisho wa mara mbili ni mzuri, Muuza Maudhui, lakini unategemea anayejibu ni mtu. Kuna programu hasidi iitwayo Joker, ambayo wengine huiita Bread. Google walisema Januari 2020 kwamba tangu 2017 walikuwa wameondoa kwenye duka lao programu 1,700 za ukoo huo. Zinajifanya za kuhariri picha, kibodi, taa ya simu. Ndani yake hufungua ukurasa wa uanachama kimyakimya, hubonyeza "Kubali", husoma SMS yenye tarakimu za siri na kuzijaza. Nyingine za aina hiyo huzima Wi-Fi kwanza ili simu irudi kwenye data, kwa sababu ileile niliyoitaja. Mara ya kwanza, mara ya pili, hata mara ya kumi, programu itajibu tu.

Kwenye Android ingia Mipangilio, kisha Programu, kisha ufikiaji maalum, utafute SMS zinazolipishwa. Orodha ikiwa tupu usishtuke: programu huonekana hapo baada ya kujaribu kutuma. Ikionekana usiyoijua, chagua isiruhusiwe kamwe, kisha uiondoe kwenye simu. Halafu pitia ruhusa za kusoma SMS na za kusoma arifa. Taa ya simu inasoma SMS za nini? Ila kinga hiyo ya Android inazuia SMS zinazotumwa na programu tu. Uanachama uliopita kwa ukurasa wa intaneti haiuzuii, na kufuta programu hakukutoi kwenye uanachama. STOP bado yahitajika.

Ndiyo maana mimi nasimama kati. Sina ugomvi na huduma. Ugomvi wangu ni kwamba uthibitisho uko mikononi mwa anayeuza. Uwe wa mtandao wenyewe: menyu ijitokeze kwenye skrini kutoka kwa kampuni ya simu, itaje jina la huduma, bei na siku za kukata, mwenye laini ajibu kwa siri yake mwenyewe, kama anavyofanya kwa M-Pesa. Mbona M-Pesa hatuisikii ikikatwa kwa SMS ya vichekesho? Kwa sababu bila PIN haitoki. Salio la kupigia simu halina kufuli hilo.

Wakili, Mkomani

Sheria hatuhitaji kuitunga upya, Mchunguzi. Tuitumie iliyopo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 32, inasema mzigo wa kuthibitisha kwamba mtu aliridhia uko kwa anayetumia data yake, na kwamba ridhaa yaweza kuondolewa wakati wowote. Kifungu cha 37 kinakataza kutumia data ya mtu kibiashara bila ridhaa ya wazi, isipokuwa pale sheria imeruhusu na mwenyewe ameelezwa. Juu ya hayo kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 na Kifungu cha 46 cha Katiba.

Sasa tazama inavyoendeshwa kinyume. Unapiga simu, unaambiwa "mfumo unaonyesha ulijiunga tarehe fulani", na wewe unaanza kujitetea. Usijitetee. Andika barua pepe: nionyesheni ridhaa yangu, ilitolewa lini, kwa njia gani, kupitia nambari gani fupi, na aliyepewa nambari yangu ni nani. Barua iwe na nambari ya lalamiko, picha za SMS zinazoonyesha tarehe na saa, na jumla ya shilingi zilizokatwa. Lalamiko lianze kwa kampuni ya simu. Ukipuuzwa, lipeleke Mamlaka ya Mawasiliano, na kwa upande wa data, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo sheria inaitaka imalize uchunguzi ndani ya siku 90. Fomu yao hujazwa kwenye intaneti; huhitaji kupanda basi mpaka Nairobi.

Udhaifu ni kwamba nani atafuata shilingi 200 kwa miezi mitatu? Wizi wa kidogokidogo unaishi kwa hesabu hiyo. Ndiyo naunga mkono kufunga tangu mwanzo.

Mhasibu, Mkunguni

Wakili kagusa pesa, naye Mchunguzi kasema uthibitisho uhamie kwa kampuni ya simu. Nauliza: kampuni inayopata fungu katika kila SMS itakuwa na haraka gani ya kuizuia? Marekani wamelipitia. Wateja walikuwa wakikatwa kiasi cha dola 9.99 kwa mwezi kwa huduma wasizoziomba. Tume ya Biashara ya huko ilisema AT&T ilikuwa ikibakisha angalau asilimia 35 ya makato hayo. Oktoba 2014 AT&T ilikubali kulipa dola milioni 105, na Desemba mwaka huohuo T-Mobile ikakubali angalau milioni 90. Kabla ya hapo, mwishoni mwa 2013, kampuni kubwa zilikuwa zimeshatangaza kuacha kutoza sehemu kubwa ya SMS za kulipia.

Nigeria waliweka nambari moja ya taifa, 2442, mwaka 2016. Ukiwa mtandao wowote, ukituma STOP huko unazuia ujumbe wa kibiashara usioutaka. Nambari moja. Hapa kila mtandao una yake, na kila muuzaji ana yake.

Mpaka hilo lifike, hesabu yangu ni nyepesi: usiache salio limelala. Nunua bando moja kwa moja kutoka M-Pesa, salio libaki sufuri. Uanachama hula salio, haugusi bando. Haukutoi, lakini haupati cha kula.

Muuza Maudhui, Shela

Nimesikia. Kwa uanachama wa kukata kila siku, nakubali ufungwe mpaka mtu aombe, na ithibitishe kampuni ya simu, si sisi. Lakini SMS ya mara moja, ambayo mteja mwenyewe kaandika neno na kutuma, iachwe wazi. Hapo hakuna aliyelazimishwa. Na kufungua kusiwe kupiga simu na kungoja muziki nusu saa; kuwe kwenye menyu, kwa dakika moja. Mkifunga kwa kufuli la benki, mvuvi wa Kizingitini hatapata utabiri, na bahati nasibu itahamia WhatsApp.

Wakili, Mkomani

Kuna moja hujaligusa, ndugu yangu. Mtambo kujaribu tena na tena kukata salio lisilokuwepo. Hilo libaki?

Muuza Maudhui, Shela

Jaribio moja kwa siku. Likishindwa siku saba mfululizo, uanachama ufe wenyewe.

Fundi Simu, Langoni

Siku tatu.

Bi Mwalimu, Faza

Wanangu, mnazungumza Android na menyu. Mama zetu huku wana kabambe, na wakati mwingine ujumbe unaruka juu ya skrini wenyewe, hauko kwenye kikasha, una kitufe cha OK tu. Wanabonyeza ili utoke. Hapo wamejiunga?

Fundi Simu, Langoni

Ujumbe wa kuruka hausajili mtu kwa kuonekana tu, Bi Mwalimu, lakini ukiwa na orodha ya kuchagua, ile OK yaweza kuwa ndiyo kukubali. Waambie wasibonyeze OK. Wabonyeze kile kitufe chekundu cha kukata simu, ujumbe utaondoka. Kisha waingie kwenye menyu ya SIM, ile inayobeba jina la mtandao, watafute palipoandikwa habari au burudani. Wakikuta mahali pa kuwasha na kuzima, wazime. Baada ya hapo *144#, waandike salio kwenye karatasi, waangalie tena jioni bila kuwa wamepiga simu wala kutuma SMS. Likipungua, huenda kuna uanachama hai, na nambari yake waitafute kwenye SMS iliyoingia kati ya nyakati hizo mbili.