Mjadala: Barabara ya Namirembe ifungiwe magari mchana?

Mpita Njia wa Kisenyi
Kila tunapozungumzia ajali Kampala, tunaanza na dereva mlevi na kuishia kwa bodaboda. Leo tuzungumzie njia yenyewe.

Polisi walihesabu watu 5,144 waliokufa barabarani Uganda nzima mwaka 2024. Mwaka uliotangulia walikuwa 4,806. Karibu theluthi yao walikuwa wanatembea kwa miguu. Hawakuwa na gari, hawakupanda pikipiki, walikuwa wanakwenda zao tu.

KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, ikisaidiwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ilichagua barabara za Namirembe na Luwum ziwe mfano wa njia za waenda kwa miguu na baiskeli. Wazo zuri. Sasa pita huko saa kumi na moja jioni, upande wa Old Taxi Park. Bodaboda zimepangwa juu ya njia ya kando, mizigo inashushwa hapohapo, na mwenye miguu anateremka kwenye lami kupishana na teksi bega kwa kioo.

Hoja yangu: kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, kipande hicho kisiingie gari wala pikipiki, ila la wagonjwa na la zimamoto. Mizigo ishushwe usiku. Anayepinga aseme sababu.

Hajji wa Mitumba
Napinga, na sababu ninayo mgongoni. Robota la mitumba halibebwi kwapani, ndugu yangu. Wateja wangu wanatoka Arua, Bunia, wengine Juba. Wanafika asubuhi, wananunua, jioni wanapanda basi. Ukimwambia mtu huyo asubiri saa mbili usiku ndipo apakie, gharama ya kulala utamlipia wewe? Na wapakuzi wa usiku wanajua huna pa kwenda, bei wanapanga wao.

Steji ya Chini
Sisi wa bodaboda mwaka 2020 tuliambiwa hatutaingia tena katikati ya mji. Tupo. Tupo kwa sababu mnatuita! Abiria wangu ni huyohuyo mwenda kwa miguu mnayemtetea, amechoka tu, ana mfuko wa mchele na mtoto. Mkitutoa Namirembe, atatembea na huo mchele hadi wapi? Tupeni steji yenye mpaka unaoeleweka, tutakaa ndani yake.

Mpita Njia wa Kisenyi
Mpaka uliochorwa kwa rangi? Rangi hiyo ingedumu wiki mbili, ssebo (bwana).

Fundi wa Lami
Mimi nimefanya kazi za barabara, na nadhani mnagombania mahali pasipo na vifo vingi. Namirembe magari hayakimbii, yangekimbilia wapi? Pale mtu anabanwa, anakanyagwa mguu, anavunjiwa kioo cha simu. Anayeuawa yuko Barabara ya Jinja, Bombo, Entebbe, Northern Bypass, mahali ambapo makazi yako pande zote mbili na gari linapita kwa kasi ya safari.

Mambo yote yako kwenye kasi. Shirika la Afya Duniani linasema gari likitoka kilomita 50 kwa saa kufikia 65, hatari ya kumuua linayemgonga huongezeka zaidi ya mara nne. Ndiyo maana linapendekeza kilomita 30 pale ambapo watu na magari wanachanganyika. Na kasi haipunguzwi na kibao. Kibao hakimzuii mtu. Inapunguzwa na zebra, yaani kivuko cha miguu, iliyoinuliwa kama tuta, njia iliyobanwa kidogo kabla ya kivuko, na kisiwa katikati ili mtu avuke upande mmoja kwanza, apumue, ndipo avuke wa pili. Zebra ya rangi peke yake kwenye barabara ya njia nne ni mtego: teksi ya kwanza inasimama, ya pili inaipita, na anayevuka haonekani mpaka amefika mbele yake.

Mtasema tuweke kamera. Juni 2025 zilianza zile za faini, shilingi 200,000 hadi 600,000, madereva wakapiga kelele na mfumo ukasimamishwa uangaliwe upya. Tuta halisimamishwi kwa kelele.

Mpita Njia wa Kisenyi
Nakubali kuhusu Northern Bypass, lakini hiyo si sababu ya kuiacha Namirembe. Matuta unayoyataka ni kazi ya mkandarasi na bajeti. Njia ya Namirembe tumeshaitengeneza, kilichobaki ni kuilinda. Kama hatuwezi kulinda tulichonacho, hizo zebra za kuinuliwa nazo zitageuzwa steji.

Magurudumu
Natumia kiti cha magurudumu, niseme machache. Msinijengee daraja la ngazi. Kwangu hilo ni ukuta. Barabara kufungwa au kutofungwa, mimi nitaridhika njia ya kando ikiwa haikatiki. Leo inakatika kwenye kila lango la akedi, yale majengo ya maduka, inakatika pale mfuniko wa mtaro ulipoibwa ukauzwa chuma chakavu, inakatika kwenye gari lililoegeshwa. Wachuuzi mnawalaumu sana, ila mchuuzi nikimwambia "nyabo (mama), naomba njia" anasogeza beseni. Gari lililoegeshwa halina masikio.

Mama Nyanya
Asante mwanangu. Januari 2022 walituondoa sisi wachuuzi barabarani, siku chache baadaye magari yakaegeshwa tulipokuwa tumekaa. Waenda kwa miguu hawakupata nafasi yoyote. Magari yakitoka nitashangilia, maana ananunua nyanya anayetembea. Ila semeni mapema nasi tutakaa upande gani, tusije tukasikia kwa virungu.

Fundi wa Lami
Hapo kwa maegesho mmenipata. Nguzo fupi za chuma ukingoni mwa njia ya kando, umbali ambao kiti kinapita na gari halipiti. Ni nafuu kuliko askari wa kusimama kutwa.

Steji ya Chini
Pikipiki itapita hapo.

Fundi wa Lami
Itapita. Ndiyo maana steji yako ipewe kipande cha lami pale yanapoegeshwa magari sasa, si juu ya njia ya watu.

Mpita Njia wa Kisenyi
Basi hoja naipanga upya: kwanza nguzo, mifuniko ya mitaro, na hakuna kuegesha ukingoni. Wachuuzi wapewe upande wa ukutani, wapimiwe. Kufunga barabara tujaribu Jumapili tu, miezi mitatu, tuone mauzo yanapanda au yanashuka. Hajji, unasemaje?

Hajji wa Mitumba
Jumapili nakubali. Desemba usiniguse.