Unga wa uyoga wa Mama Mkubwa

*Mama Mkubwa:* Wanangu hamjambo? Kuna kijana kapita hapa na unga wa uyoga, eti unasafisha ini na kushusha mafuta kwenye damu. Nimechukua kopo moja. Sasa vile vidonge vyangu vya usiku vya lehemu niache?

*Zai:* Shikamoo Mama Mkubwa. Usiache hata siku moja, nakuomba. Tupigie picha hilo kopo.

*Mama Mkubwa:* Marahaba. 📷

*Zai:* Hiyo ni ganoderma, aina ya uyoga wa dawa. Usiionje kwanza.

*Baba Mdogo:* Lakini Zai, uyoga kushusha lehemu si uongo, hata redioni wamesema.

*Zai:* Si uongo Ba'mdogo. Hata hiyo simvastatini, kidonge anachomeza usiku, chimbuko lake ni kuvu. Miaka ya 1970 Mjapani Akira Endo alipata kwenye ukungu dawa inayozuia ini kutengeneza kolesteroli, yaani lehemu. Baadaye ikaja dawa ya aina hiyo, lovastatini, Marekani wakaiidhinisha 1987, na simvastatini imetokana nayo. Lovastatini hiyohiyo imo kwenye uyoga mamama wa sokoni. Ila kiasi hakilingani, uyoga mmoja unayo nyingi, mwingine kidogo. Kidonge kimepimwa.

*Juma:* Na ini je?

*Zai:* Hapo ndipo ninapoogopa. Sifa nyingi za kulinda ini zimetoka kwa panya wa maabara. Kwa binadamu, mwaka 2007 madaktari wa Thailand waliandika habari za mgonjwa aliyekufa kwa ini kushindwa kazi baada ya kutumia unga wa ganoderma. Ni nadra, lakini Mama Mkubwa tayari yuko kwenye dawa.

*Mama Mkubwa:* Kwa hiyo hata mamama nisile?

*Zai:* Kula mama! Uchane kwa vidole, kaanga na kitunguu na nyanya, mafuta kijiko kimoja tu. Ukiwa badala ya nyama ya mafuta, hapo umekusaidia kweli.

*Baba Mdogo:* Huku kwetu mvua zimeanza, wa porini umejaa. Niwatumie?

*Zai:* Hapana Ba'mdogo. Ipo aina yenye sumu ambayo hata uchemshe vipi haitoki. Mtu anatapika, anaharisha, kisha anapata nafuu, kumbe ini ndiyo linaharibika. Tununue wa kupandwa.

*Mama Mkubwa:* Basi kopo namrudishia mwenyewe kesho.

*Zai:* Ahsante mama. Kipimo cha lehemu na ini ni lini?

*Mama Mkubwa:* Jumanne asubuhi.

*Juma:* Nitakupitia mimi saa moja. Usinywe chai kabla hujauliza kama wanataka ufunge.