Tetekuwanga kwa mtoto wa miaka miwili, na ndani kuna mjamzito

MamaZuu
Wakuu, mtoto ana miaka miwili, kilo 12. Juzi homa, jana vipele tumboni na mgongoni, leo vingine vimejaa maji na vimepanda hadi kichwani. Zahanati wamesema tetekuwanga. Duka la dawa wameniuzia amoksilini na ibuprofen. Bibi yake hataki aogeshwe mpaka vikauke. Mdogo wangu tunayeishi naye ana mimba ya miezi mitano. Nianzie wapi?

Famasia_Kona
Ibuprofen weka pembeni. Kwenye tetekuwanga imehusishwa na maambukizi makali ya bakteria kwenye ngozi. Aspirini ndiyo usiguse kabisa, inaweza kuleta ugonjwa wa Reye, unaoshambulia ini na ubongo.

Homa tumia parasetamo, miligramu 15 kwa kila kilo. Kilo 12 ni miligramu 180. Ya maji yenye miligramu 120 kwa mililita 5, mpe mililita 7.5 kila baada ya saa 6, isizidi mara nne kwa siku. Soma chupa kwanza: zipo za 250 kwa 5, na hapo kipimo hichohicho kinakuwa mara mbili ya dozi. Pima kwa bomba la sindano, vijiko vya nyumbani havilingani. Usimwongezee dawa ya mafua, nyingi zina parasetamo humohumo.

Amoksilini ni dawa ya bakteria; tetekuwanga ni kirusi, haiifanyi kitu.

Nesi_Mkongwe
Bibi tunamheshimu, ila mtoto aoge kila siku. Uchafu na jasho juu ya vidonda ndivyo vinavyoleta usaha. Maji ya vuguvugu, bila dodoki, kisha mkaushe kwa kumgusagusa na taulo, usisugue. Majani ya mwarobaini kwenye maji ya kuoga sawa, lakini asinyweshwe.

Kata kucha ziwe fupi kabisa, usiku mvishe soksi mikononi. Kovu linatokana na kukwangua. Kalamaini (dawa ya kupaka ya kupunguza muwasho): tikisa chupa, paka kwa pamba kwenye kipele kimojakimoja, epuka macho, mdomo na vidonda vilivyochubuka. Akishindwa kulala kwa kuwashwa, Piriton ya maji (miligramu 2 kwa mililita 5), mililita 2.5 usiku.

Vikitoka mdomoni atakataa kula. Uji uliopoa, mtindi, maji kidogokidogo. Ukwaju na ndimu vitamchoma.

Baba_Tunu
Na mpox (ndui ya nyani) je? Mwaka 2024 ilithibitishwa Kenya, Uganda, Burundi. Mnatofautishaje kwa macho?

Nesi_Mkongwe
Tetekuwanga hutoka kwa mafungu: sehemu moja utakuta kipele kipya, lengelenge na kigaga kwa pamoja, vingi kifuani na mgongoni. Mpox mara nyingi vipele vya sehemu moja hukua kwa hatua moja, hufika viganjani na nyayoni, na tezi huvimba. Surua huanza na kikohozi, mafua na macho mekundu, na vipele vyake havina maji. Macho hayatoshi kila mara. Ukiwa na shaka, kipimo.

Famasia_Kona
Kuhusu mjamzito: kama aliwahi kuugua tetekuwanga, atulie. Kama hajui, aende kliniki leo, asisubiri vipele. Kumhamishia chumba kingine kunasaidia, ila mtoto alianza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya vipele, kwa hiyo huenda kirusi kimeshamfikia. Kliniki wataangalia kinga yake na kuamua kama anahitaji dawa. Ni hatari kwake hasa kwenye mapafu.

Nesi_Mkongwe
MamaZuu, hospitali bila kusubiri ukiona: anapumua kwa shida, shingo imekaza, analegea au haamki vizuri, anayumba akitembea, hajakojoa kwa saa 8, homa imezidi siku nne au imeisha ikarudi, au ngozi kuzunguka kipele ni nyekundu, ya moto na inauma. Mwenye VVU au anayetumia dawa za steroidi (hupunguza kinga ya mwili) aonwe siku ya kwanza. Asaiklovia, dawa ya kupambana na kirusi hiki, hufanya kazi vizuri ikianza ndani ya saa 24 za vipele.

Chekechea arudi vipele vyote vikishakuwa vigaga vikavu, kwa kawaida siku tano hadi saba. Watoto wengine wa nyumbani waangalie kuanzia siku ya 10 hadi ya 21 tangu wakae na mgonjwa.

MamaZuu
Asanteni. Chupa yangu ni ya 120. Mdogo wangu hajui kama aliwahi kuugua, anajiandaa kwenda kliniki.