Naomba ushauri: wazee hawataki kuingia kwenye utafiti wa kusahau

Jamani habarini, niko Bombo, Uganda, nasaidia utafiti wa dimenshia, ule ugonjwa wa kusahau, tunatafuta wazee wa kila aina, Wanubi, Waganda, Walugbara, waliosoma na wasiosoma, sasa wanaokuja ni walimu wastaafu tu! Jana mama mmoja kaona kichupa cha damu, akajifunga leso vizuri akaniambia mwanangu mimi sijarogwa wala sina wazimu, huyo akaenda zake. Na lile swali la kupima kumbukumbu na akili, la kuchora saa, mtu hajawahi kushika kalamu atachoraje kweli? Imamu na mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, walishakubali, ila watoto wa hao wazee ndo wagumu, eti tutauza damu. Nauli ya boda tunarudisha. Mliowahi kufanya hii kazi, mlianzia wapi, kwa mabinti wanaowauguza au?