MREJESHO: Riwaya za Star Wars, nimeanza na Thrawn

Wakuu, niliuliza mtu aliyeishia kwenye filamu aanzie wapi riwaya za Star Wars. Wengi mlisema Heir to the Empire ya Timothy Zahn, ya 1991. Nimeimaliza, na mlinielekeza vizuri mno. Inaanza miaka mitano hivi baada ya filamu ya Return of the Jedi, kwa hiyo ukishaona zile filamu tatu za mwanzo kutoka (1977 hadi 1983) huhitaji kitabu kingine kabla yake.

Kilichoniteka ni Thrawn mwenyewe, yule adui mkuu wa kitabu, amiri anayeongoza mabaki ya majeshi ya Empire. Hapayuki wala hanyongi maofisa ovyo. Anakaa na michoro na sanamu za adui, anasoma humo wanavyofikiri, ndipo anapanga vita. Mara nyingi tunamwona kwa macho ya nahodha wake, Pellaeon, na ndiyo maana anatisha: nasi tunabaki kubahatisha anawaza nini.

Aliyenidokeza kuhusu mabadiliko ya 2014, ahsante sana. Mwaka huo riwaya za zamani, hii ikiwemo, ziliwekwa kando kwa jina la Legends, hazifungamani na filamu mpya. Utamu haujapungua hata chembe. Anayetaka inayoendana na filamu mpya, Lost Stars ya Claudia Gray (2015) inajitegemea.

Sasa nimeshika Dark Force Rising, kitabu cha pili cha hadithi hii ya Thrawn, halafu The Last Command, cha tatu.