Tupeane uzoefu: umehamisha seva, ukakuta mafaili yamebadilisha mmiliki

Fundi Kebo: Wakuu, leo dogo wa ofisini kaniita, "Kaka, mbona mafaili yote yanasoma root root?" Yaani mmiliki ni root, akaunti kuu ya seva. Kumbe katumia scp, amri ya kunakili mafaili kati ya seva. Nikacheka, nikakumbuka yangu, nikanyamaza. Aliyewahi kupigwa na hii kitu atiririke.

Kiti Moto: Nimeshakaa mbele.

Mpiga Taipu: Umenitonesha. Ofisi siitaji. Linux ya Debian kwenda Debian, nikasema hii ni kumsukuma mlevi. Ijumaa usiku nikaingia kama root pande zote mbili, rsync -a (inanakili mafaili pamoja na ruhusa na wamiliki), nikalala. Jumamosi ndiyo nikafungua akaunti za watu, nikifuata orodha ya utumishi, yaani kwa alfabeti.

Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi. Kwenye seva ya zamani watu walipewa akaunti kadiri walivyoajiriwa, akaunti ya mhasibu ilikuwa namba 1002. Sasa diski haitunzi jina lako, inatunza namba. Usiku ule majina hayakuwepo kwenye seva mpya, rsync ikaacha namba kama zilivyo. Na 1002 mpya akawa dada wa mapokezi.

Jumatatu saa mbili na nusu mhasibu ananipigia, folda yake imemkatalia. Nashuka chini, nakuta watu wanne wamesimama nyuma ya kiti cha yule dada, kimya, wanasoma. Mishahara. Ya bosi imo. Saa sita dereva alikuwa ananitajia mshahara wangu mpaka na makato.

Kipepeo: Dereva 😂😂😂 mpaka makato!

Kiti Moto: Bosi alikuwa anakula ngapi mkuu?

Namba Kwanza: Ndiyo maana kuna --numeric-ids, rsync inabeba namba bila kuangalia majina. Weka hiyo, lala usingizi.

Mpiga Taipu: Umesoma kweli? Namba ndizo zilizoniua! Kilichoniponya ni majina: akaunti zikiwa tayari zipo, nikarudia rsync ileile, safari hii ikalinganisha majina. Data haikusafiri upya, ilibadilisha wamiliki tu, dakika chache.

Namba Kwanza: Ungebeba na /etc/passwd yako, faili lenye akaunti na namba zake, usingerudia kitu.

Bibi Kanzu: Mbebe hiyo passwd kutoka Debian kwenda Red Hat muone. Akaunti ya tovuti huku ni www-data, namba 33, kule ni apache, namba 48. Mtagombana na tovuti nzima.

Kipepeo: Jamani mwacheni amalizie. Dada wa mapokezi alifukuzwa?

Mtu wa Mbeya: Mimi sikuhangaika na namba, nilipiga chmod -R 777 /home, kila mtu asome na aandike kila kitu.

Bibi Kanzu: Astaghfirullah.

Mtu wa Mbeya: Tovuti ziliwaka zote, nikafunga kompyuta nikaenda kula. Kurudi, SSH, njia yangu ya kuingia seva kwa mbali, inanikataa. Kumbe ikiona folda yako na authorized_keys (faili la funguo zako) kila mtu anaweza kuandika humo, haiuamini tena ufunguo wako. Nywila nilishazima mwenyewe, kwa usalama eti. Seva iko Dar, mimi niko Mbeya. Nilipanda basi.

Fundi Kebo: Basi! Kwa amri moja 😭

Saba Saba: Mimi nilibebea kwenye flashi ya FAT32. Haijui mwenye faili ni nani, na faili likifika GB 4 halikai. Siku hizi nafunga kila kitu kwa tar, kifurushi kimoja kinachokumbuka wamiliki, naikata vipande, nafungulia kama root.

Bibi Kanzu: Kabla ya kugusa chochote: getfacl -R . > ruhusa.txt, inaandika ruhusa zote kwenye faili. Ukiharibu, setfacl --restore=ruhusa.txt inarudisha mpaka wamiliki, ukiwa root. Na rsync iwe -aHAX, -a peke yake haibebi ACL, zile ruhusa za ziada za mtu mmoja mmoja.

Saba Saba: Mi natoa sadaka kwanza, ndiyo rsync.

Namba Kwanza: Bado nasimamia namba.

Kiti Moto: Na mimi bado nasubiri ya bosi.

Mpiga Taipu: Dada hakufukuzwa, aliongezwa mshahara. Wote wanne waliokuwa nyuma ya kiti pia. Mimi ndiye niliyeandikiwa barua.